Lori limefeli breki, lakini breki ni nzima

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa fundi Mikumi, niliitwa usiku kwenda Ruaha Mbuyuni. Semi iliyobeba shaba kutoka Zambia ilikuwa imeshuka mlima Kitonga bila breki, ikapita kona zote kwa rehema za Mungu, ikaja kusimama yenyewe kwenye tambarare, si mbali na pale akina mama wanapopanga vitunguu. Nilifika alfajiri. Utingo alikuwa amelala juu ya turubai, mawe manne yako chini ya matairi, na harufu ya lainingi zilizoungua, vile vipande vya kusugua vya breki, ilikuwa bado haijaisha. Ukishaijua harufu hiyo huisahau: nywele zilizobabuka, zimechanganyika na mpira.

"Zilikata," dereva akaniambia. "Nimekanyaga mpaka mwisho, hamna kitu. Nikavuta handibreki, hamna kitu."

Nikawasha injini. Upepo ukapanda mpaka bar 8 (bar ni kipimo cha mgandamizo), geji zote mbili. Nikaachia handibreki, ikapiga chafya yake ya kawaida. Nikasogeza gari mita mbili, nikakanyaga: likashika pale pale, kichwa kikainama. Nikavuta handibreki: likashika. Nikazunguka na tochi nikitafuta hosi iliyopasuka, chemba iliyotoboka, kiungo kilichochomoka. Sikuona kitu.

Hapo ndipo ugomvi huanzia. Askari anakuja, anajaribu breki, zinashika, anaandika uzembe. Mwenye gari anaambiwa kwenye simu kwamba breki nzima, anasema dereva alisinzia. Dereva anaapa kwa jina la mama yake. Na kwenye kundi la watazamaji hakosekani mjuaji mmoja anayeuliza swali ambalo kwa kweli ni zuri kuliko yote: hizi si breki za upepo? Si tunaambiwa upepo ukiisha zinafunga zenyewe? Sasa lori la breki za upepo linakosaje breki?

Wote wanne wanasema kweli, kila mmoja kwa kipande alichokiona. Ili vipande viungane inabidi tuingie chini ya gari.

Upepo unaosukuma na upepo unaozuia

Kwenye gari dogo, mguu wako ndio unaosukuma mafuta ya breki mpaka kwenye tairi. Mfumo ukiingia hewa, pedali inakuwa laini na mguu unakuambia mapema kwamba kuna tatizo. Kwenye lori mguu haufiki kwenye tairi. Kompresa inayozungushwa na injini inajaza upepo kwenye matangi, na pedali ni bomba tu: ukikanyaga unafungulia, upepo unakimbilia chemba, chemba inasukuma fimbo, fimbo inazungusha mkono tunaouita slaki, slaki inazungusha shafti ambayo kichwa chake kina umbo la herufi S, na kichwa hicho kinatanua viatu vya breki mpaka lainingi ziishike dramu, lile pipa la chuma linalozunguka na tairi, kwa ndani. Chemba ya namba 30, ile utakayoikuta kwenye malori mengi, ikipata bar 7 inasukuma kwa nguvu ya zaidi ya kilo 1,300.

Ukitazama chemba za ekseli za nyuma utaona mbili zimebebana mgongoni. Ya mbele ndiyo hiyo niliyoieleza. Ya nyuma ina springi nene iliyobanwa, na humo upepo una kazi ya kinyume: unaizuia springi isijinyooshe. Ukivuta handibreki unautoa huo upepo, springi inafunguka, gari linafunga. Vivyo hivyo upepo ukivuja njiani. Ukishuka karibu na bar 4 taa nyekundu inawaka na king'ora kinalia, na ukiendelea kushuka springi zinaanza kufunga bila kukuuliza.

Wazo la kwamba upepo ukipotea chombo kisimame lina zaidi ya miaka 150. George Westinghouse, Mmarekani, alianza mwaka 1869 na breki za treni zilizotumia upepo kusukuma tu. Bomba likikatika, behewa linabaki bila breki. Mwaka 1872 akaugeuza mfumo kichwa chini miguu juu, upepo ukitoka breki zishike. Tela la lori limerithi akili hiyo: hosi nyekundu inayotoka kwenye kichwa ikichomoka, tela linafunga. Ile ya njano ndiyo inayopeleka amri ya pedali.

Kwa hiyo mjuaji wetu yuko sahihi. Alichokisahau ni kimoja. Springi ya handibreki haina viatu vyake. Inasukuma fimbo ile ile, slaki ile ile, viatu vile vile, dramu ile ile. Ni funguo mbili za kitasa kimoja. Upepo ukiisha, springi inakuokoa. Lakini kama tatizo liko mbele ya fimbo, kwenye viatu na dramu, pedali na handibreki vinakufa pamoja, huku geji inasoma bar 8 na dashibodi haina taa hata moja. Na kwa kuwa mguu unafungulia bomba tu, haukuambii chochote. Dereva anagundua pale anapokanyaga na lori haliitiki.

Zaidi ya mapipa mawili ya maji

Breki haiondoi mwendo, inaugeuza kuwa joto. Watu wanalisikia hilo shuleni na kulisahau, kwa sababu hawajawahi kupewa kipimo chake.

Chukua semi ya ekseli 6 yenye uzito halali wa tani 50: ekseli ya mbele tani 8, mbili za nyuma ya kichwa 18, tatu za tela 24, kama mizani zetu zinavyohesabu. Ishushe mlima wa kimo cha mita 300. Nishati inayopaswa kumezwa mahali fulani ni megajuli 147. Namba hiyo haimwambii mtu kitu, basi iweke hivi: joto hilo linatosha kuchemsha lita zaidi ya 450 za maji kutoka baridi ya bombani mpaka zitokote. Mapipa mawili na ushee. Au hivi: ni sawa na kulisimamisha lori hilo hilo kutoka kilomita 80 kwa saa, mara 12, mfululizo, bila kupumzika.

Matairi na upepo wa mbele vinachukua sehemu ndogo. Kinachobaki kina njia mbili tu: injini, au dramu. Dramu ni chuma cha kutupwa kilichofichwa ndani ya rimu, na hewa ya kukipoza inafika kwa kubembeleza.

Hapa kuna jambo ambalo hata madereva wazoefu hunibishia. Ukishuka taratibu au ukishuka mbio, jumla ya joto ni karibu ile ile, maana mlima ni ule ule. Kinachobadilika ni kasi ya kulimimina. Kwenye mteremko wa asilimia 6, mita hizo 300 zinachukua kilomita 5 za barabara. Kwa mwendo wa 50 utazimaliza kwa dakika 6, na kila sekunde breki na injini zinatakiwa kumeza kilojuli zaidi ya 350. Kwa mwendo wa 25 utatumia dakika 12, na mzigo wa kila sekunde unashuka hadi nusu. Breki nzuri ya injini ina uwezo wa kuubeba huo wa pili karibu wote peke yake, dramu zikabaki vuguvugu. Huo wa kwanza unaishinda, na ziada inaangukia kwenye lainingi.

Kwa hiyo dereva anayeshuka gia kubwa huku amekanyaga breki kidogo kidogo muda wote, akiamini anaendesha kwa uangalifu, ndiye anayezipika. Dramu hazipati nafasi hata ya sekunde kumi kupumua.

Milimita 64

Joto likizidi, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. La kwanza ni kwamba lainingi yenyewe inapoteza ukali. Gundi iliyomo inaanza kutoa gesi, uso unakuwa laini na kung'aa, msuguano unashuka. Lainingi za bei ya chee zinawahi kufika hapo, na ukizishika mkononi zikiwa mpya huwezi kuzitofautisha na nzuri.

La pili ni la hesabu, na ndilo lililomponza dereva wangu wa Ruaha Mbuyuni. Chuma kikipata moto kinapanuka. Dramu ya kipenyo cha milimita 420, joto lake likipanda kwa nyuzi 300, inapanuka kama milimita 0.7 kila upande. Ni unene wa kadi ya benki. Lakini ile slaki ni mkono mrefu unaozungusha kichwa kidogo. Kila milimita moja ya kiatu inadai takriban milimita 12 za fimbo. Kwa hiyo zile 0.7 zinadai fimbo itoke milimita 8 zaidi.

Na fimbo ya chemba namba 30 ya kawaida ina milimita 64 tu za kutoka. Baada ya hapo imegonga ukuta wa chemba. Hata upepo ungekuwa bar 20, hakuna kinachofika kwenye kiatu. Breki iliyokazwa vizuri inashika fimbo ikiwa imetoka 40 hivi. Ikipata moto inafika 48, bado ina akiba. Iliyolegea inashika kwenye 58. Asubuhi ya baridi inashika! Ukiipeleka kwenye ukaguzi wa kukanyaga na kuachia, inashika. Ongeza zile 8 za joto, unadai 66 kwenye chemba ya 64. Hapo ndipo dereva anaposema zimekata, na hasemi uongo. Dramu ikipoa inarudi kipimo chake, breki nazo zinarudi, na askari anayekuja kujaribu baadaye anakuta gari zima.

Kule Ruaha Mbuyuni nilianza na dramu zenyewe. Za kichwa zilikuwa na rangi ya bluu kwa mbali na nyufa ndogo ndogo kama za udongo wa bwawa lililokauka, lainingi zinang'aa kama kioo. Za tela zilikuwa na rangi yao ya kahawia ya kila siku. Zilikuwa zimeachia mapema, kabla hazijapata moto wa kubadili rangi. Nikamwomba dereva akae akanyage, nikatoa chaki, nikaweka alama kwenye kila fimbo mahali inapotokea chembani, akanyage tena, nikapima kwa rula, kwa milimita. Kichwani: zote sita kati ya 38 na 41. Kwenye tela: 57, 60, 58, 60, 61, 59.

Kichwa kilikuwa na slaki zinazojikaza zenyewe. Tela lilikuwa la zamani, slaki zake zinataka spana, na hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho spana ilipita pale. Hilo si la ajabu hata kidogo. Kichwa kina dereva wake, kina jina kwenye kioo, kinaoshwa. Tela ni yatima. Leo linavutwa na huyu, kesho na yule, likirudi linaegeshwa nyuma ya yadi. Matokeo yake lori lenye breki 12 lilishuka Kitonga likitegemea 6, na hizo 6 zilibeba tani 50. Zilipochoka hakukuwa na wa kuzisaidia.

Habari ya frii

Siwezi kuandika juu ya milima nikaruka suala la kuachia gia. Kitonga, Sekenke, Iwambi kule Mbeya, na ukivuka mpaka, Salgaa na Sachangwan kwenye barabara ya Nakuru, hadithi ni moja: dereva anaweka frii ili gari lijiendee, apunguze matumizi ya dizeli.

Anapunguza kweli? Kwenye mteremko mkali, hapana. Injini ya dizeli ikiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye mafuta, matairi ndiyo yanayoizungusha, na pampu inakata mafuta. Haichomi hata tone. Injini za kompyuta zinafanya hivyo, na hata zile za pampu ya zamani yenye gavana. Ukiweka frii, injini inabidi ichome dizeli yake yenyewe ili isizime. Kwa hiyo mteremko mzima wa Kitonga ukiushuka na frii umechoma, na ukiushuka na gia ya chini umeshuka bure. Nakubali kwamba yapo malori mapya yanayojiweka frii yenyewe, lakini ni kwenye miteremko midogo, na kompyuta inarudisha gia mara mwendo unapozidi. Hilo ni tofauti na mtu kuachia gia juu ya Sekenke akitegemea mguu wake.

Frii ina deni lingine ambalo halionekani. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kompresa nayo inazunguka polepole. Dereva anakanyaga na kuachia, kila akiachia upepo uliokuwa chembani unatoka nje, na kompresa haiwahi kuurudisha. Sasa ana dramu za moto na matangi yanayoisha kwa wakati mmoja. Akijaribu kurudisha gia, giaboksi inamkatalia: kwa mwendo wa 90, gia ya nne ingeitaka injini izunguke kuliko inavyoweza, kwa hiyo meno yanasaga na kurudi nje. Lori liko frii, na litabaki frii.

Lakini tusimtupie dereva peke yake. Utaratibu wa kumpa lita za kuhesabu kwa safari nzima na kumwambia kinachobaki ni chake umemfanya kila mteremko auone kama posho. Na mwenye gari anayeupanga utaratibu huo ndiye huyo huyo anayebandika stika ya Nenda kwa Usalama mlangoni.

Kushuka

Kila kitu kinaamuliwa juu, kabla gari halijainama. Ukifika kwenye kibao cha mteremko, punguza mwendo, shuka gia mpaka injini ilishike lori bila msaada wa mguu, washa breki ya injini. Wazee walikuwa wanasema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na kwa malori ya wakati wao ilikuwa sawa. Malori ya sasa yana nguvu zaidi na hayazuiwi sana na upepo wa mbele, yanapanda kwa gia kubwa. Ukishuka na gia hiyo hiyo umejidanganya. Shuka moja au mbili chini yake.

Kisha chagua mwendo wako, tuseme 30. Liache lifike 30, kanyaga kwa nguvu inayosikika kwa sekunde tatu hivi mpaka lishuke 20 na kidogo, achia kabisa. Subiri. Likirudi 30, rudia. Mkanyago mmoja wenye nguvu na mapumziko marefu unafanya mambo mawili ambayo mguu wa kubembeleza hauyafanyi: breki zote 12 zinapata upepo wa kutosha kushika kwa pamoja, hata zile zenye valvu nzito, na dramu zinapata muda wa kupoa. Ukiona unalazimika kukanyaga kila baada ya sekunde chache, gia yako ni kubwa mno. Tafuta njia ya kuipunguza ukiwa bado una breki.

Ukisikia harufu, simama sehemu ya kwanza inayofaa. Ukishasimama na dramu zimewaka, usivute handibreki kama unaweza kuzuia kwa mawe au vigingi, maana dramu ikipoa inajikaza juu ya viatu vilivyofungwa na inaweza kupasuka. Na kwa yeyote mwenye ndoo mkononi: usimwage maji. Nimeona dramu iliyogawanyika vipande viwili kwa ndoo moja ya mto Ruaha. Acha zipoe kwa muda wake, nusu saa, saa nzima, huku ukiangalia matairi, kwa sababu moto wa dramu unahamia kwenye mpira polepole na tairi linaweza kuwaka gari likiwa limeegeshwa.

Chaki, spana na sikio

Ukaguzi wa breki za upepo ni wa bei rahisi kuliko watu wanavyofikiri, ila unataka watu wawili na uvumilivu. Zuia matairi kwanza, kisha achia handibreki, jaza upepo, zima injini. Mmoja akanyage na kushikilia dakika nzima, mwingine atembee huku anasikiliza. Geji ikishuka zaidi ya robo ya bar kuna sehemu inavuja, na usiku mtulivu utaisikia. Kisha kanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, mpaka king'ora kilie. Kisipolia kabla ya bar 4, una lori lisilokuwa na onyo. Halafu chaki, kama nilivyofanya. Fimbo ikitoka zaidi ya 50 kwenye chemba namba 30 ya kawaida, breki hiyo inakazwa leo.

Slaki za spana zinakazwa mpaka viatu viguse dramu, kisha unarudisha kati ya robo na nusu mzunguko. Zile zinazojikaza zenyewe zina mtego wake. Ikikutwa imelegea, kuna sababu: imekufa, au bushi za shafti zimelika, au springi za viatu zimechoka. Fundi anayeichukulia spana na kuikaza kwa mkono ameficha ugonjwa, na baada ya wiki chache itakuwa imelegea tena.

Mwaga maji ya matangi kila siku. Yakitoka maji matupu, drayer, kile kifaa cha kukausha upepo, imechoka. Yakitoka na oili, kompresa imechoka. Angalia pia nyuma ya kila tairi: mstari wa mafuta ukishuka kutoka kwenye habu, sili imepasuka na lainingi ya upande huo inaoga grisi. Lainingi hiyo haifai tena, hata ukiiosha kwa petroli.

Sasa lile linalonikera. Chemba ikitoboka porini, fundi wa njiani anakunja hosi yake na kuifunga kwa waya ili upepo usiishe, au anaibana springi kwa boliti yake ili tairi lizunguke. Kufika gereji ya karibu, naelewa. Hakuna anayetaka kulala mlimani Nyang'oro. Lakini waya ule nimeukuta ukiwa na kutu. Yaani gari limepita mizani ya Vigwaza, limepita ya Mikese, limeshuka Kitonga mara kadhaa, likiwa na tairi mbili au tatu ambazo hazina breki ya aina yoyote, na kila aliyepokea gari amepokea na waya wake. Na pakitokea mtu anataka kuifungua chemba ya springi kwa nyundo na patasi ili aokoe mpira wa ndani, mkimbie. Springi ile imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo, na kifuniko kikichomoka hakichagui kifua cha nani.

Pale Ruaha Mbuyuni kazi ilikuwa ndogo. Nilikaza breki sita za tela kwa spana moja, nikapima tena kwa chaki, zote zikarudi chini ya 40. Lainingi na dramu za kichwa nikamwambia dereva zinabadilishwa Morogoro, na mpaka hapo atembee kama amebeba mayai. Hazijakatika, lakini zilishaona moto. Akampigia mwenye gari, akanipa simu.

"Fundi, umenunua spea gani?"

"Sijanunua kitu, bosi."

"Sasa hiyo hela ya nini? Si umesema breki zilikuwa nzima?"